Kushuka Riat

Shemeji Andayi alicheka hadi akamwaga chai.
Elfu kumi na nne, alisema, kwa kitu cha kukusimamisha?
Si ungenunua ekzosi, gari lingurume,
Mbale nzima ijue Kageha anapita.

Mimi kwenda najua.
Hata mwamba wa Maragoli ukisukumwa utakwenda,
wala hauombwi leseni.

Hakuwemo Alhamisi ile.
Trei arobaini za mayai nyuma, mvua imekatika,
na penye kona ya Riat, pale ziwa linapotokea
kama mtu aliyefungua mlango bila hodi,
nilikanyaga breki ikaenda chini, laini,
mguu kwenye tope la mpunga.
Nikakanyaga tena.
Tope.
Mbele yangu lori, na kwenye bodi lake
maandishi ambayo sikutaka kuyafikia.
Gia ya pili, gia ya kwanza, injini ikalia kama mbuzi,
breki ya mkono, harufu ya kuungua ambayo si ya chakula,
nikasimama Mamboleo ndani ya rundo la kokoto za mtu.

Mayai sitini na moja.
Niliyahesabu yaliyopasuka, moja moja,
maana kuhesabu ndiko kulikonirudishia mikono.

Nyangweso wa Kibuye hakunipa pole.
Alifungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kijiti,
akakiinua juani: chai ya rangi iliyolala.
"Haya yana maji," akasema.
"Mafuta haya hunywa hewa, mama,
nawe unaishi kati ya mvua ya Vihiga na mvuke wa ziwa.
Miaka sita yamekunywa.
Diski zikiwaka moto mteremkoni, maji yale huchemka,
na wewe unakanyaga mvuke."

Unakanyaga mvuke.
Nilikaa na neno hilo juu ya tairi kuukuu
nikakumbuka ahadi kadhaa.

Pedi za zamani zilitoka nyembamba, biskuti iliyolambwa na mtoto.
Mpya alizipanga juu ya gazeti:
nene, nyeusi, zenye chembe za shaba,
si zile zinazouzwa kando ya soksi.
Na chupa ya mafuta, imefungwa bado,
alinipa nivunje muhuri mwenyewe, nishuhudie.

Kisha akaingia chini, nikakaa kwenye usukani,
na kwa saa nzima hatukuwa na lugha ila hii:

Kanyaga.
Nimekanyaga.
Shikilia.
Nimeshikilia.
Achia.

Gurudumu la mbali kwanza, nyuma kushoto.
Mrija, chupa ya soda, uchafu wa kahawia,
mapovu yakitoka kama siri za mlevi.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Sijawahi kumtii mtu namna hii tangu niolewe,
wala siku niliyoolewa.
Hadi mrija ukatiririka rangi ya asali changa,
bila povu hata moja, na kanyagio likakataa kushuka.

Alfajiri tukaenda barabara ya Kisian kuzifundisha pedi.
Sitini, kisha kumi. Sitini, kisha kumi.
"Usisimame kabisa," alisema, "karibia tu kusimama."
Mara kumi na mbili.
Mlinzi wa kituo cha petroli alitutazama
akadhani ni ndoa inavunjika.

Sasa kanyagio liko juu, gumu,
neno la mtu aliyeacha pombe.
Sikuongeza kasi. Nimeongeza usingizi.

Jumamosi Andayi aliomba lifti hadi sokoni.
Aliongea juu ya ekzosi toka Chavakali.
Kwenye kona, ziwa lilipofungua mlango,
akanyamaza,
na nikauona mguu wake wa kulia
ukikanyaga zulia kwa nguvu zote.

Upande wake hakuna kitu.
Nikakanyaga upande wangu.
Nyuma, mayai hayakusema neno.